Mpishi wa Chombo cha Mwezini

"Mpishi tena!" Mwanatumu alifoka. Siku hizi runinga ikiigiza riwaya za kale za safari, waigizaji huwa na sura za watu wa nyumba hiyohiyo, na huwapangia nafasi yenyewe, maana inawaona na kuwapima afya kutwa. Mumewe, Khatibu, kila mara nahodha. Yeye masufuria tu, hata mwezini!

"Si unapika vizuri, mama Zuhura," Khatibu alicheka, kikohozi kikamkatiza.

"Nimechoka! Nataka usukani!"

Jumapili iliyofuata nahodha alikuwa na sura ya Mwanatumu. Mwenyewe, kitini, alipiga vigelegele. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho chombo kizima, hadi jikoni.

"We runinga, mbona baba Zuhura hayumo?"

Runinga ilijipunguza sauti. "Endelea kutazama, nahodha."

Kando yake, Khatibu alikohoa.