Kamera ya Chumba cha Rukaiya

Bi Salha aliusikia uvumi kwa msusi, ukamganda kama kupe: kuna mafundi wa kamera wanaobaki na nyumba za watu kwenye simu zao.

Kamera yake ilikuwa chumbani kwa mwanawe Rukaiya, mwenye kifafa, ili amwone kwa simu akiwa kwenye genge lake la nyanya. Siku ya kuifunga, simu yake haikuwa na bando.

“Sajili kwa yako, mwanangu,” alimwambia fundi Mchome, “halafu unirushie niione kwa yangu.”

Leo, kabla hajatoka, picha iliganda. Akampigia fundi.

“Usiwe na presha, mama. Ni mtandao tu. Naizima na kuiwasha huku huku.”

Kamera ikalia, ikageuza shingo.

“Tayari. Mwambie Rukaiya asogee, ataanguka kutoka kitandani.”

Bi Salha akageuka. Kweli, mtoto alikuwa ukingoni.

“Kumbe unatuona, fundi?”

“Nilikuwa najaribu tu.” Akakata simu, na tangu hapo hapokei. Na kamera haihamii simu nyingine mpaka aifute yeye kwenye yake.

Bi Salha akaifunika kwa kanga. Akamtazama mtoto, akatazama saa ya kwenda gengeni. Akaifunua.

Alitoka na boksi la kamera, ameliandika kwa mkaa ili wenzake wasome:

Usikubali isajiliwe kwa simu ya fundi.
Usiache namba ya siri aliyoweka yeye.
Usimruhusu aitengeneze akiwa kwake.
Usiiweke anapolala mtoto, kama una wa kukaa naye.