Karatasi Kwenye Mtungi wa Maziwa

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kubanwa chini ya kifuniko cha mtungi. Kingori alikuwa ameisoma njia nzima akitoka kituo cha maziwa, bila haya, na sasa aliipeperusha mlangoni mwa chumba cha kulala.

"Umeandikiwa tena. Darasa ya wajawazito, leo saa nane. Ati ukikosa hii ya tatu, jina yako inapelekwa Nyeri."

"Waambie mguu imefura," Ngendo alisema, akijivutia blanketi.

"Wiki jana ilikuwa kichwa. Ile ingine, mgongo. Mwili itakwisha kabla mtoto afike, bibi yangu."

Ngendo hakucheka. Kijiji chao cha huko Tetu hakikuwa na simu, lakini tangu vikumbusho vianze kupanda mitungi ya maziwa, hapakuwa na pa kujificha. Cha kwanza kilikuja kwenye ukurasa wa daftari, cha pili mgongoni mwa risiti ya kahawa. Hiki cha leo kilikuwa na mwandiko mwingine, na ukali wake. Jina likishafika ofisi ya afya Nyeri, maswali yangerudi na muhuri.

Ugonjwa hakuwa nao. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mimba ya kwanza ya miezi saba, na woga wa kuchekwa tena.

Mara ya mwisho aliyokwenda, Watiri, mama wa watoto sita, alimwuliza mbele ya wote: "Na wewe, uchungu ikikushika utafanya nini?"

"Nitapumua polepole," Ngendo alijibu.

Walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Saa nane kasoro akavaa sweta. Kingori alimsindikiza hadi lango la kliniki, nyuma yake hatua mbili, kama mtu anayepeleka ng'ombe kwenye josho.

Ndani, matumbo kumi na mawili yalimgeukia. Ngendo akajipenyeza hadi benchi la nyuma, akakaa, akayatazama magoti yake.

Watiri aliinuka kwa shida, akashika kiuno, akamfuata huko huko na kumtia chaki mkononi.

"Toka hapa, sista. Enda mbele, pale umesimama miaka tisa ukitufundisha na kutuambia kuzaa haiumi."