Ukoko wa Mbadala

Ukichaguliwa kwenda Chuo cha Sayansi cha bweni, kwenu huletwa mbadala, roboti mwenye sura na sauti yako, ili wazazi wasihisi upweke. Wangu aliletwa Jumatatu, kabla hata sijaamua kama nitaacha sekondari yetu.

Ukoko wa wali ni wangu tangu utotoni. Leo mchana Mama alikwangua sufuria, akamwekea mbadala.

"Mama, huyo hali!"

"Najua, Mwanakheri. Lakini hanuni."

Mbadala alikuwa amekaa mkekani, mahali pangu, akitabasamu kwa meno yangu.

"Basi siendi," nikasema. "Nabaki hapa hapa na shule yangu."

Mama aliinamia sufuria. Nikasubiri afurahi.

"Kwa hiyo," akauliza polepole, "watakuja kumchukua?"