Sugu za Baba Tunu

Siku hizi milango ya mji wetu inafungukia kiganja laini tu, na kila mwaka tunakwenda zahanati kulainishwa. Mume wangu, fundi wa kuchonga mawe, alikwepa miaka yote, mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia. Mwezi uliopita watu wa zahanati wakampata. Akarudi na viganja kama sahani iliyooshwa.

Binti yetu Tunu, wa miaka minne, halali bila baba yake kumkuna mgongo. Jioni ile akalala kifudifudi, akapandisha fulana, akasubiri. Aliposikia mkono unateleza, akageuka kwa hasira.

"Huyu si baba!"

"Ni mimi, mama," baba yake akamwambia.

"Basi nikune vizuri!"

Nikajaribu mimi. Akasema mkono wangu hauna kitu. Neno hilo likanichoma, nisidanganye.

Kesho yake Baba Tunu akashika jembe akalima ua mzima, ingawa hatukuwa na hata mche mmoja wa kupanda. Akaulima tena, na tena. Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakakauka, yakawa sugu. Wiki ya nne akamkuna mtoto.

"Baba umerudi!" Tunu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, kisha akalala mdomo wazi. Nasi tukacheka kama wendawazimu.

Asubuhi mlango ulimkataa baba yake. Nikaufungua, kisha nikanyoosha mkono anipe jembe.

"Sasa nani atatufungulia, Mama Tunu?"

"Tunu," nikamjibu. "Yeye bado laini."