Pazia la Ndege

Mkasi ulikuwa umeshauma ukingo wa pazia la studio lenye ndege ya kuchorwa, ambalo mbele yake watoto wote wa mji walisimama kupigwa picha wakijidai wasafiri.

“Babu, ngoja!” alisema binti aliyerudi kwao likizo.

Mpiga picha akacheka. “Si wewe Machozi, uliyelia ukitaka kiti cha dirishani? Studio nafunga, mjukuu wangu. Hili nakata matambara.”

Binti akapiga magoti. Kwenye kishikio cha ngazi ya ndege iliyochorwa pale, kwenye kimo cha mtoto, rangi ilikuwa imelika kwa viganja vidogo vya miaka nenda miaka rudi, na chake kikiwamo. Palikuwa laini kama shavu la mtu aliyelala.

“Sogea, nimalize.”

Binti akapafunika kwa kiganja. Mkasi ukaja taratibu hadi kwenye vidole vyake, ukasita.