Jina Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, kalavati la njia ya kwenda Ifakara lilikatika kwa mafuriko, vipande vipande kama mkate mkavu, na Levina akafia upande wa huku huku, kichwa chake mapajani mwa mumewe, Severini. Bodaboda ilikuwa inanguruma bure. Hospitali ilikuwa ng'ambo. Maji yalipopungua jioni, hapakuwa tena na mgonjwa wa kuvusha.

Severini aliokota kipande cha kalavati, akakifinya. Kikawa mchanga mkononi. Yeye ni mtu wa darasa la nne, lakini mchanga anaujua. Saruji ilikuwa imeliwa.

Na nani mwingine anakula saruji ya wananchi kama si wakubwa? Wendelin, mdogo wake Levina, alikuwa kwenye kamati ya ujenzi na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Msibani alimnong'oneza: "Shemeji, gari la diwani lilikuja kupakia. Sisi wadogo tungesema nini?"

Severini hakuuliza zaidi. Aliona kama alikuwa anajua tangu zamani.

Mwaka uliofuata kigango, kanisa dogo la kijiji, kikajiandaa kwa sikukuu ya mtakatifu somo wake, na jumuiya ya Severini ikatakiwa kutoa igizo. Akasema analo, lote liko kichwani. Kuna kalavati, kuna mama mgonjwa, kuna mwizi. Jina la mwizi alitaka liwe la diwani mwenyewe, na la baba yake liongezwe, watu wasije wakakosea.

Mtendaji wa kijiji akaja kwenye mazoezi na miwani yake ya jua.

"Shikamoo, mzee Severini."

Severini akawageukia waigizaji wake.

"Igizo ni ruksa, mzee. Lakini mgeni rasmi ni diwani. Nikisikia jina la mtu yeyote wa bonde hili, nalifunga palepale."

"Hata kulia mnatupangia?"

"Ni jina tu. Tafuta lisilo na mtu."

Basi wakakaa barazani kwa Wendelin kutafuta: Severini, Wendelin, na Oliva, kiongozi wa kwaya, ambaye angecheza mama mgonjwa.

"Polikarpi," alisema Severini.

"Fundi baiskeli wa Kibaoni," akajibu Oliva. "Tena ana mdomo huyo."

"Agapiti."

"Mkwe wangu! Unataka nirudishwe kwetu?"

"Mbaruku."

"Ndiye mwenye duka la mbolea. Ukimfanya mwizi, msimu huu tutalima kwa mate."

Wendelin akacheka. "Bonde hili tumebatizwa kalenda nzima. Hata mbuzi wa Michenga ana somo wake."

Severini akapiga ubao wa benchi kwa ngumi. "Mwizi anatafutiwa jina la kujifichia! Watu wazima watatu tunaumiza vichwa kwa ajili yake! Levina wangu nani alimtafutia hata machela?"

Wendelin aliinamisha kichwa. Alimpenda dada yake, hilo kila mtu alilijua. Yeye ndiye aliyelijenga kaburi lake kwa saruji, likakaa imara, laini kama meza, kabla hata ya arobaini, wakati Severini hana kitu mfukoni. Kwa jambo hilo Severini alimheshimu kuliko padre.

"Zimrandi," Wendelin akasema polepole.

"Jina la wapi hilo?"

"Si la popote. Ukiliita, hageuki mtu."

Wakalichukua.

Likabaki la nani atamcheza mwizi mwenyewe. Vijana wote walikataa. Nani atake kuonekana na diwani akiwa mwizi? "Nipe mimi," alisema Wendelin. "Kwa ajili ya dada." Severini akamshika mkono.

Siku ya sikukuu diwani alikaa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, soda mkononi. Severini alijificha nyuma ya khanga zilizotundikwa kuwa pazia, bado ameshika nyundo aliyojengea jukwaa, akamkazia macho. Leo utaisikia, mkubwa. Leo utaimeza pamoja na hiyo soda.

Wendelin alisimama jukwaani, mfuko mtupu wa saruji begani. Alipaswa kuwatazama watu. Badala yake aliwapa mgongo, akatazama nyuma ya kigango, kwenye makaburi.

"Zimrandi!" Oliva akaita, akijikongoja kama mgonjwa.

Hakugeuka.

"Zimrandi! Nakuita!"

Hakugeuka. Watu wakaanza kucheka. Diwani naye akacheka. Severini akaikaza nyundo mkononi. Mwaka mzima wa hasira, na sasa wanacheka!

"Mwite kwa nguvu!" alifoka nyuma ya pazia.

Oliva akachoka na ugonjwa wake. Akanyooka, mikono kiunoni. "We Wendelin! Saruji ya kalavati uliipeleka wapi?"

Wendelin akashtuka kama mtu aliyeamshwa katikati ya misa.

"Niliuza," akasema.

Watu wakapiga makofi. Ndivyo alivyofundishwa: niliuza mjini, nikala na wakubwa. Severini alimwangalia diwani, akisubiri hiyo sehemu ya wakubwa.

"Niliuza, shemeji," Wendelin akasema tena, macho yake palepale makaburini. "Iliyobaki ndiyo ile ya kaburi."

Makofi yakafa. Severini akatoka nyuma ya khanga, nyundo mkononi. Hakumtazama diwani. Hakumtazama Wendelin. Aliwageukia watu wote, wenye viti na waliokaa chini.

"Haya, semeni," akasema. "Nilivunje, au nimwache Levina alale humo?"