Bangili ya Pili

Zama hizo bangili za mazoezi zilikuja mbili mbili. Mgonjwa wa kuyumba alivaa moja, na jamaa aliyevaa ya pili alimgawia uthabiti wa mwili wake, usiorudi tena. Bi Mwanasiti, aliyekuwa mgonjwa, alivaa yake, akampiga marufuku mumewe kuivaa ile ya pili.

Asubuhi hiyo alipita juu ya mstari wa chokaa uani, akiunga kisigino na kidole, bila kutetereka. Akammiminia mumewe, Shekue, chai kwa madaha.

"Kitendawili!"

"Tega, mke wangu."

"Nyumba yangu yayumba, wala upepo hakuna."

Zamani jibu lilikuwa Bi Mwanasiti mwenyewe. Leo kikombe kiligongagonga kisahani mkononi mwa Shekue, mkono wa kanzu ukapanda, bangili ya pili ikaonekana.

"Nimeshindwa," mzee akanong'ona. "Nakupa mji."

"Sitaki mji," akasema Bi Mwanasiti, mkono wake umetulia tuli.